Mbwa mdogo akisumbuliwa na tumbo, anza na kile "kidogo tu" anachopewa

Kito wangu ana kilo 3. Kwa karibu mwaka mzima kila asubuhi nilikuwa naokota choo laini kama uji, siku mbili tatu kinakaza alafu kinarudi vilevile, na nilishabadilisha chakula mara nne, kila mfuko mpya naanza na matumaini na baada ya wiki tuko palepale. Kilichotuokoa si mfuko wa tano, ni mizani ya jikoni. Daktari wa mifugo aliniambia kwa wiki moja nisibadilishe chochote, nipime tu na kuandika kila kinachoingia mdomoni mwake, yaani kila kitu, hata kile anachookota chini ya meza, na jioni ya siku ya tatu nikajumlisha nikakuta karibu nusu ya alichokula haikutoka kwenye bakuli lake. Ilitoka kwa watoto, kwa mama, kwangu mwenyewe, kila mmoja alimpa "kidogo tu" na hakuna aliyejua kama mwenzake kashampa.

Ndo maana kabla sijakwambia umpikie nini nataka tukae kwanza kwenye hii habari ya kidogo tu, kwa sababu mbwa wa kilo 30 ataimeza na kuisahau lakini mbwa wa kilo 2, 3, 4, tumbo lake linaona kila kitu.

Chukua kalkuleta ya simu. Uzito wa mbwa kwa kilo uandike mara tatu na uzidishe, yaani 3 × 3 × 3 inakuwa 27, alafu bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili, unapata kama 2.28, alafu zidisha kwa 70. Jibu ni karibu 160. Hizo ni kalori (zile za kwenye lebo zinazoandikwa kcal) ambazo mwili wa mbwa wa kilo 3 unatumia kwa siku akiwa ametulia tu, moyo unapiga, joto la mwili linatunzwa, basi. Mbwa mzima aliyehasiwa, mwenye afya na anayetembeatembea anahitaji hiyo mara 1.6 hivi, kwa hiyo karibu 255 kwa siku. Sasa kipande cha jibini gumu cha gramu 30, ambacho ukikishika mkononi hata hukioni kama chakula, kina kalori kama 120 na mafuta karibu gramu 10. Yaani umempa nusu ya mlo wa siku nzima kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Tumbo linalopokea mafuta ya namna hiyo ghafla, leo ndiyo kesho hapana, litaharisha tu, na hapo mtu analaumu chakula cha mfuko.

Kanuni inayotumika na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa vyote kwa siku visizidi asilimia 10 ya kalori zake. Kwa Kito ni kalori 25, sawa na gramu 15 hivi za kidari cha kuku kilichochemshwa. Pima hizo gramu 15 uziweke kwenye kiganja uone zilivyo, itakushtua.

Kwanza angalia kama hili ni la nyumbani au ni la kukimbia kwa daktari

Kuna hali ambazo chakula si dawa, na mbwa mdogo haanguki taratibu, anaanguka haraka, hana akiba ya maji wala ya sukari mwilini. Usikae jikoni unachemsha wali kama mbwa anatapika tena na tena na hata maji hayakai, kama choo kina damu nyingi nyekundu inayofanana na jemu (mbwa wadogo wanapatwa sana na hii na maji yanawaishia ndani ya masaa), kama choo ni cheusi kinanata kama lami, kama tumbo limevimba na limekaza, kama amelegea hataki hata kunyanyua kichwa, au kama unajua au unahisi kameza kitu, iwe soksi, mfupa, kipande cha toy, sumu ya panya, chochote. Vilevile mtoto wa mbwa ambaye chanjo zake hazijakamilika akianza kutapika na kuharisha usijaribu chochote nyumbani, inaweza kuwa parvo (ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa), na parvo haisubiri.

Kuna pozi moja naomba uijue. Mbwa anashusha kifua na mikono ya mbele mpaka chini huku sehemu ya nyuma imebaki juu, kama anajinyoosha, ila hajinyooshi, anakaa hivyo na akitoka anarudia tena. Hayo ni maumivu ya tumbo, na kwa mbwa mdogo hasa aliyekula kitu cha mafuta jana yake, fikiria kongosho, kile kiungo karibu na tumbo kinachotoa majimaji ya kusaga chakula. Kongosho likivimba linatakiwa daktari.

Kupima maji mwilini ni rahisi. Inua mdomo wa juu, gusa fizi na kidole: iwe na unyevu na inateleza, sio inanata. Alafu bonyeza fizi mpaka ipauke uachie, rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Ifanyie mazoezi siku akiwa mzima ujue fizi zake za kawaida zinafananaje, kwa sababu wengine fizi zao ni nyeusi kwa asili na hapo itabidi utafute sehemu yenye waridi, au uangalie ngozi ya shingoni ukiivuta inarudi mara moja au inabaki imesimama kama hema.

Kama hayo yote hayapo, anakunywa maji, anachezesha mkia, macho yana uhai, ila tu choo ni laini au katapika mara moja mbili, basi hilo tunaweza kulishughulikia na bakuli. Mpe siku mbili kama ni mbwa mzima. Mtoto wa mbwa au mzee, au mwenye kisukari au ugonjwa mwingine, usivushe siku moja.

Choo kinakwambia tatizo liko wapi

Watu wengi wanakiokota tu na mfuko wanatupa, lakini humo ndo kuna habari yote. Kama anaenda mara tatu nne kwa siku, choo kingi, chenye maji, na mbwa anapungua uzito, mara nyingi tatizo liko utumbo mwembamba, kule ambako chakula kinafyonzwa. Kama anaenda mara nyingi sana, anakamua, kinatoka kidogokidogo chenye ute kama wa yai na pengine tone la damu nyekundu mwishoni, hiyo ni utumbo mpana. Kwa nini nakwambia? Kwa sababu ya kwanza inataka chakula chepesi chenye mafuta kidogo, na ya pili mara nyingi inatulizwa na nyuzinyuzi, kwa hiyo ukimpa boga mbwa wa kwanza na wali mtupu mbwa wa pili utasema vyakula hivi havifanyi kazi kumbe umevigeuza.

Andika kwenye daftari kila siku namba kutoka 1 mpaka 7. Moja ni kokoto ngumu kavu, mbili ni imara, kina mistari na ukikiokota hakiachi alama chini, saba ni maji matupu. Unataka 2 au 3. Piga na picha, najua inakera kuwa na picha hizo kwenye simu lakini daktari atakushukuru.

Siku za kwanza: chakula chepesi, kwa gramu

Zamani watu walikuwa wanasema mfungishe siku nzima bila chakula. Kwa kuharisha peke yake hakuna haja, utumbo wenyewe unajilisha kutokana na chakula kinachopita ndani yake na ukiuacha mtupu unachelewa kupona. Kama anatapika, mbwa mzima unaweza kumpumzisha masaa 6 mpaka 12, maji yakiwepo. Mtoto wa mbwa wa jamii ndogo, kina Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian, Maltese, usimfungishe kabisa, sukari inashuka kwenye damu anaanza kuyumba, kutetemeka, anaweza kuzimia. Ukimwona hivyo mpake asali kidogo kwenye fizi kwa kidole na uondoke naye kwa daktari wakati huohuo, usisubiri uone kama imesaidia.

Chakula chenyewe ni wali mweupe na kidari cha kuku. Inaonekana rahisi ila watu wanakosea kwenye kupika, kwa hiyo nakuelekeza nilivyozoea. Kuku ni kidari tu, toa ngozi yote na yale mafuta ya njano ya pembeni, chemsha kwenye maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu saumu, bila kile kidonge cha kuongeza ladha ya supu maana ndani yake kuna kitunguu cha unga na chumvi nyingi, na kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Akiiva mtoe, mchambue kwa vidole vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mbwa wadogo wengi wana meno mabovu au yameshang'oka na wanameza bila kutafuna. Ile supu iweke kwenye friji, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu meupe, yaondoe yote kwa kijiko uyatupe, inayobaki ndo unaweza kuongezea vijiko viwili kwenye maji yake akigoma kunywa. Wali upike na maji mengi kuliko ule wa kwenu wa kila siku, uwe laini unabonyea ukiubana na vidole, na usitie mafuta.

Sasa kipimo, na hapa usikadirie kwa jicho. Mbwa wa kilo 3: wali ulioiva gramu 70 na kuku aliyeiva gramu 45, kwa siku NZIMA. Inatoa kalori kama 160, ile hesabu ya mwanzo ya mwili uliotulia, na mbwa mgonjwa anayelala siku mbili tatu inamtosha. Kilo 2: wali 50, kuku 35. Kilo 5: wali 100, kuku 65. Hiyo ya kilo 3 ukiigawa mara sita ni gramu 19 hivi kila mlo, yaani kijiko cha mezani kimoja na nusu. Mara ya kwanza nilivyoiweka kwenye bakuli niliona aibu, nikaona namnyima mtoto wangu chakula, mama akaja akaniambia ongeza, huyu atakufa njaa. Sikuongeza. Tumbo lililowaka linaweza kumaliza kijiko kimoja na nusu, linapumzika masaa matatu linapokea kingine, lakini ukiliwekea bakuli zima kwa mara moja linarudisha kwa juu au linasukuma kwa chini, na unaanza upya.

Kama unahisi kuku ndo anamletea shida tumia samaki mweupe aliyechemshwa na kutolewa miiba yote (pitisha vidole mara mbili, sio mara moja), na wali unaweza kubadilisha na kiazi mviringo kilichomenywa na kuchemshwa mpaka kiwe laini. Yule wa utumbo mpana, mwenye ute na kukamua, mwongezee kijiko kimoja cha chai cha boga lililochemshwa na kupondwa, bila sukari bila chochote, kwa siku, ukigawa kwenye milo. Usizidishe ukidhani boga haliwezi kudhuru, likizidi linaharisha.

Maji: mbwa anahitaji kama mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 3 ni 150 mpaka 180, na anayeharisha anahitaji zaidi ya hapo. Anayetapika usimwachie bakuli limejaa maana atakunywa yote kwa pupa atapike yote, mpe kijiko kimoja viwili kila nusu saa. Maziwa hapana, hata yakiwa ya moto. Mbwa wengi wakishaacha kunyonya wanapoteza kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na maziwa kwa tumbo linaloharisha ni kuongeza maji kwenye mafuriko.

Kuhusu probayotiki, yaani bakteria wazuri wa kusaidia tumbo, tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nyingi zina bakteria wanaoitwa Enterococcus faecium, na fuata kipimo cha uzito wake. Inaweza kusaidia kufupisha siku za kuharisha ila haifanyi kazi yenyewe huku watu wanaendelea kumpa ngozi ya kuku chini ya meza.

Na dawa za binadamu acha. Ibuprofeni, paracetamoli, aspirini, hata ile dawa ya kufunga kuharisha iliyopo kwenye kabati, usimpe bila daktari kusema. Kidonge kilichotengenezwa kwa mtu wa kilo 60 huwezi kukivunja kwa kisu ukapata kipimo cha mbwa wa kilo 3.

Kurudi kwenye chakula chake

Hapa ndo wengi tunaharibu. Choo kikikaza siku moja tunafurahi, kesho asubuhi tunamwekea chakula chake cha kawaida bakuli zima, jioni anaharisha tena, tunasema kumbe kile chakula hakimfai. Subiri choo kikae kwenye 2 au 3 siku mbili mfululizo, alafu anza kuchanganya: robo ya chakula cha zamani na robo tatu ya wali na kuku kwa siku mbili tatu, nusu kwa nusu siku mbili tatu, robo tatu kwa robo siku mbili tatu, alafu chakula chake peke yake. Siku 7 mpaka 10 jumla. Kito mimi natumia 10 siku zote, na choo kikilegea katikati sisongi mbele, narudi hatua moja nyuma nakaa hapo siku mbili. Utaratibu ni huohuo ukiwa unabadilisha aina ya chakula hata kama mbwa ni mzima kabisa.

Wali na kuku usiuzidishe wiki mbili. Hauna kalsiamu ya kutosha, hauna zinki, vitamini nyingi hazimo, na mbwa akiizoea akikataa chakula chake usikubali kirahisi. Kama unataka kumpikia nyumbani maisha yake yote inawezekana, ila resipe itoke kwa daktari wa lishe ya wanyama, iwe na virutubisho vya kuongezea vilivyopimwa.

Mafuta, na jinsi lebo inavyokupoteza

Kwa mbwa wadogo mafuta ndo adui ninayemwogopa kuliko wote. Miniature Schnauzer wengi wanazaliwa na mafuta mengi kwenye damu na kongosho lao linawaka kirahisi, Yorkshire Terrier wanapatwa na kongosho na pia ugonjwa wa utumbo unaovujisha protini ambao tiba yake kubwa ni chakula chenye mafuta kidogo sana. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho mara moja inaweza kumrudia, kwa hiyo huyo hata kile kipande cha jibini cha sikukuu hapana.

Ukisimama mbele ya rafu unalinganisha, kopo limeandikwa mafuta asilimia 5, mfuko wa chakula kikavu umeandikwa asilimia 14, unachukua kopo unaona umechagua jepesi. Umechagua zito zaidi! Kopo lina maji, mara nyingi asilimia 78 hivi, na maji hayana chakula. Toa maji kwanza: 100 kutoa 78 inabaki 22, alafu 5 gawanya kwa 22 zidisha kwa 100, unapata karibu 23. Mfuko mkavu una maji asilimia 10 tu, 14 gawanya kwa 90 zidisha kwa 100, karibu 16. Kwa hiyo bila maji kopo lina mafuta asilimia 23 na mfuko una 16. Unyevu unaandikwa kwenye lebo hapohapo karibu na mafuta, angalia zote mbili. Nililinunua lile kopo kwa miezi miwili kwa ajili ya Kito, kila siku naamini namlinda, mpaka daktari alivyoniandikia hesabu hii nyuma ya karatasi ya dawa. Ningeijua mapema angepata nafuu mapema.

Kutapika njano alfajiri

Hii inawatisha watu sana. Mbwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatoa povu la njano, alafu dakika tano baadaye anataka kucheza na kula kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi ni nyongo, tumbo limekaa tupu usiku kucha nyongo inarudi juu inalichoma. Gawanya chakula chake ili sehemu ndogo aile kabla tu ya kulala, Kito anapata gramu 10 za punje zake za chakula kikavu saa nne na nusu usiku. Narudia, ni kugawanya, usiongeze, hizo gramu 10 zinatoka kwenye zile za mchana. Ikiendelea wiki mbili na hiyo ukifanya, au akianza kukataa chakula, mpeleke akaangaliwe.

Kama inarudi kila mwezi

Umepima, umeacha vya mezani, umefanya kila kitu na bado inarudi. Kwanza choo kipimwe minyoo na giardia (kimelea kidogo mno kinachoishi kwenye utumbo), hata kama ulimpa dawa ya minyoo juzi, maana giardia dawa nyingi za kawaida haziimalizi. Ikiwa safi, ndo mnaanza kufikiria mzio wa chakula, na hapo usirukerukie mifuko iliyoandikwa maneno mazuri mbele. Protini zinazosumbua mbwa mara nyingi ni ng'ombe, maziwa, kuku, na ngano nayo imo. Jaribio lenyewe ni kuchagua protini moja ambayo hajawahi kuila maishani, au chakula cha daktari ambacho protini yake imekatwakatwa vipande vidogo mno mpaka mwili hauitambui, na anakula hicho peke yake. Tumbo kwa kawaida linaonyesha mabadiliko ndani ya wiki mbili tatu, ngozi inayowasha inahitaji mpaka wiki nane. Peke yake maana yake peke yake: dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama, dawa ya meno ya mbwa, kile kijiti cha kutafuna, vyote vinahesabiwa, na kipande kimoja cha biskuti siku ya kumi kinaweza kukurudisha mwanzo. Akipona, mrudishie chakula cha zamani makusudi, akiharisha tena umepata jibu, asipoharisha huenda ilikuwa kitu kingine.

Gesi na kukosa choo nisiseme sana. Gesi mara nyingi ni kula kwa pupa, hasa wale wenye pua fupi wanaomeza hewa, mtandazie punje kwenye sinia pana au tumia bakuli lenye vikwazo ndani. Asiyepata choo mwongezee maji kwenye chakula, boga lilelile kijiko cha chai, matembezi, na umnyime mifupa kabisa maana mifupa ndo inageuka chokaa huko ndani. Akikamua siku mbili bila kutoa kitu, au akianza kutapika, twende kwa daktari.

Nyumba nzima iwe kitu kimoja

Huwezi kuwakataza watu wasimpende mbwa. Mimi nilijaribu kwa maneno nikashindwa, watoto wanasahau, mama anamwonea huruma. Kilichofanya kazi ni kopo dogo lenye mfuniko. Kila asubuhi napima punje zake za siku nzima, kwa Kito ni gramu 72, gramu 12 zinaingia kwenye lile kopo na hizo ndo za kila mtu kumpa. Atakayetaka kumpa anachukua humo, punje mojamoja, kopo likiisha limeisha mpaka kesho. Mbwa hajali ukubwa, anajali kwamba umempa wewe, na mwanangu mdogo sasa anavunja punje moja mara mbili ili adumu nayo.

Na kuna vitu ambavyo hata kopo liwe tupu havimgusi: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya aina zote, karanga za makadamia, pombe, unga wa mkate uliotiwa hamira ambao haujaokwa, mifupa iliyopikwa, na chochote kisicho na sukari chenye zailitoli, kwenye lebo utaiona imeandikwa xylitol, iko kwenye bigjii na siagi za karanga nyingine na inaangusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa. Akila mojawapo usingoje dalili.

Siku ukiamua kwenda kwa daktari beba choo cha asubuhi hiyohiyo kwenye kichombo safi chenye mfuniko, kijiko kimoja cha chai kinatosha, kikae sehemu ya baridi usikigandishe. Beba picha ya mfuko wa chakula mbele na nyuma, daftari lako, na uzito wake wa wiki hii na wa mwezi uliopita. Kama huna mizani ya mbwa panda wewe kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba alafu panda peke yako utoe, ila mizani hizo zinakosea kidogo na kwa mbwa wa kilo 3 gramu 200 ni nyingi, kwa hiyo ikikupa wasiwasi mwombe daktari akupimie pale mapokezi kila ukipita, ni dakika moja tu.